Kutunza msumeno mkanda wa kupasulia magogo: anza na bonde la jino

Bledi ya msumeno mkanda, yaani ule utepe wa chuma wenye meno unaozunguka magurudumu mawili, haikatiki ghafla. Aliyesimama pembeni huona hivyo kwa sababu mlio wake ni kama wa bunduki na kazi nzima husimama. Lakini ufa ulioikata ulikuwepo tangu jana, pengine tangu juzi, mfupi kuliko punje ya mchele, umejificha kwenye bonde lililo kati ya jino na jino. Nilipoteza bledi nyingi kabla ya kulielewa hilo, na ndiyo maana katika mwongozo huu nitarudi kwenye bonde hilo mara kwa mara, hata tunapozungumzia magurudumu au grisi.

Tupige hesabu kwanza. Chukua mashine yenye magurudumu ya kipenyo cha mita 1.5, yanayozunguka mara 570 kwa dakika. Bledi inakwenda karibu mita 45 kwa sekunde. Ikiwa urefu wake ni mita 9.5, inamaliza mzunguko karibu mara tano kila sekunde, na katika kila mzunguko inapindwa mara mbili, juu na chini. Kwa saa tatu za kazi, kila kipande cha chuma hicho kimepindwa na kunyooshwa zaidi ya mara 100,000. Tatizo hili ni la zamani kama mashine yenyewe. William Newberry alipata hataza ya msumeno wa namna hii Uingereza mwaka 1808, lakini bledi za wakati ule zilikuwa zinakatika, hasa kwenye kiungo, pale ncha zake mbili zinapoungwa, na wazo lake likakaa bila manufaa makubwa. Mwaka 1846 ndipo Mfaransa Anne Paulin Crepin alipopata hataza ya njia bora ya kuunga.

Kutokana na kupindwa huko tunapata kanuni ya kwanza: unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la mita 1.5 linataka bledi ya milimita 1.5 au nyembamba kidogo. Akija mtu kukushauri uweke bledi nene "ili isikatike", mkatalie. Kadiri bledi inavyokuwa nene ndivyo ngozi yake ya nje inavyovutwa zaidi inapozunguka gurudumu, na ufa utaanza mapema zaidi.

Hatua ya 1: Zima, funga, subiri

Zima mota, kata umeme kwenye swichi kuu, weka kufuli, na ufunguo uingie mfukoni mwako wewe mwenyewe, usiuache ukutani. Kisha subiri. Magurudumu haya yana uzito wa mamia ya kilo na yanaweza kuendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya umeme kukatwa. Tena yanazunguka kimyakimya, na ukimya huo ndio unaowadanganya watu. Usifungue mlango wa gurudumu mpaka uone kwa macho yako kwamba limesimama kabisa.

Legeza mkazo wa gurudumu la juu taratibu, kisha mtoe bledi mkiwa wawili, glavu za ngozi mikononi, miwani machoni, mikono ya shati ndefu. Bledi pana ikifunguka ni kama chemchemi: inatafuta kurudi kwenye umbo lake na haiangalii nani yuko karibu. Kubalianeni kwa sauti kabla ya kuinua, na asiachie mmoja kabla mwenzake hajajibu.

Hatua ya 2: Magurudumu kabla ya bledi

Wengi wakishatoa bledi hukimbilia kuinoa. Anza na magurudumu, kwa sababu gurudumu chafu litaiua hata bledi mpya.

Kuna wiki moja tulikatikiwa bledi tatu kwenye mashine ileile. Tulimlaumu mnoaji, tukalaumu chuma, tukalaumu magogo. Siku ya nne nikapitisha kiganja, taratibu, kwenye uso wa gurudumu la chini lililosimama, nikagusa kivimbe kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa unga wa mbao uliochanganyika na utomvu, ukakandamizwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe, rangi yake kama ya gurudumu lenyewe. Kila mara bledi ilipopita pale ilipigwa na kupinda kupita kiasi. Tulikikwangua kwa patasi ya shaba dakika mbili, na kukatika kukaisha.

Kwa hiyo kwangua uso wote wa magurudumu yote mawili kwa kifaa laini kuliko gurudumu, kisha pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kagua vikwangulio vinavyobaki vimegusa gurudumu wakati wa kazi: ukingo wake ukiwa umelika au umeacha nafasi, vinyooshe au vibadilishe. Vile vya sufi nzito vinavyopakaa mafuta vinataka kuloweshwa kila unapobadilisha bledi.

Halafu weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa gurudumu, kutoka ukingo hadi ukingo, na umulike tochi nyuma yake. Uso uliolika utaonyesha mwanga mahali bledi inapokaa siku zote. Gurudumu lililolika vibaya halitibiwi kwa kukaza bledi zaidi. Linasagwa upya, na mashine nyingi kubwa zinaweza kusagiwa magurudumu hapohapo yalipo kwa jiwe lililofungwa kwenye fremu. Ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, na ni kazi inayojilipa.

Hatua ya 3: Tafuta nyufa

Hapa usiwe na haraka. Pangusa bledi yote kwa kitambaa chenye dizeli au mafuta ya taa, upande wa meno hasa, kisha ikaushe vizuri kwa kitambaa kingine. Chukua chaki nyeupe uipake kwenye mabonde. Subiri kidogo. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatajipenyeza nje na kuchora mstari mwembamba mweusi juu ya ule weupe, kuanzia chini ya bonde kuelekea mgongoni mwa bledi, yaani ukingo usio na meno. Macho peke yake yangepita bila kuuona.

Ufa mfupi, kama milimita tano au sita, unaweza kuzuiwa kwa kugonga alama ndogo ya senta panchi (kipande cha chuma chenye ncha kali) pale hasa unapoishia, pande zote mbili za bledi, kwa pigo jepesi. Ukigonga kabla ya mwisho wa ufa umepoteza kazi, kwa sababu ncha yake inabaki nje ya alama na itaendelea kukimbia. Ufa mrefu kuliko huo uchomelewe. Ukikuta mabonde mengi yanayofuatana yana nyufa, usihangaike nayo moja moja: kata kipande chote na uunge, au ustaafishe bledi.

Baada ya kuchomelea, chuma cha bledi hupoa haraka na kuwa kigumu chenye kuvunjika kama kioo. Kipashe moto tena polepole mpaka wekundu hafifu unaoonekana kwenye kivuli tu, kisha uuondoe moto kidogokidogo. Sawazisha kiungo pande zote mbili mpaka rula isionyeshe nundu. Nundu ndogo ya kiungo hugonga vishikizo vinavyoielekeza bledi karibu mara tano kila sekunde siku nzima.

Sehemu ufa ulipo inakuambia kitu. Nyufa za bondeni zinatokana na kunoa vibaya, kuchelewa kunoa, uchafu wa magurudumu au unene usiofaa. Nyufa za mgongoni zinatokana na mgongo kusugua kwa nguvu kwenye kizuizi cha nyuma mpaka ukaungua. Hizo za pili tibu kizuizi na mwelekeo wa gurudumu, kisha lainisha mgongo kwa jiwe ili kuondoa ngozi iliyoungua.

Hatua ya 4: Kunyoosha na kutia mvutano

Bledi pana ikitandazwa kwenye meza haitakiwi kuwa bapa kama karatasi kwa ndani ya chuma chake. Sehemu ya katikati inatakiwa kuwa ndefu kidogo kuliko kingo zake, ili ikivutwa kwenye magurudumu kingo ndizo zikaze. Ukingo wa meno hupata joto ukikata, na chuma kikipata joto hurefuka. Kama haukuanza ukiwa umekaza, utalegea na kutangatanga ndani ya gogo. Huo ndio mvutano, na ndio unaotofautisha bledi inayokata mstari na bledi inayokata nyoka.

Kwanza nyoosha. Tandaza bledi juu ya sahani ya chuma au fuawe, pitisha rula fupi, tafuta nundu na mashimo, na uyatoe kwa nyundo yenye uso wa duara kidogo, mapigo mepesi mengi. Pigo moja zito linaacha shimo jipya. Mvutano unafuata baada ya hapo, na unatiwa kwa mashine ya rola mbili zinazobana bledi na kuirefusha katikati. Anza katikati ya upana, kisha pita pembeni kidogo kila upande kwa shinikizo linalopungua, na usisogee karibu na mabonde: acha angalau milimita 20.

Kupima, inua sehemu ya bledi ili ipinde, weka rula kukatisha upana wake, na uangalie mwanga. Utaona upinde mwembamba wa nuru, mkubwa katikati, ukiisha kwa ulaini kwenye kingo. Upinde huo ufanane na kipimo chako cha duara urefu wote wa bledi. Pale unapopungua, rola tena. Pale ulipozidi, rola karibu na kingo. Mgongo nao uwe mrefu kidogo kuliko upande wa meno, takriban milimita 0.4 kwa kila mita 1.5, unaopimwa kwa rula ndefu ubavuni mwa mgongo.

Ustadi huu hauji kwa kusoma. Kaa na mzee wa kazi, mwombe akuruhusu kushika rula wakati yeye anashika nyundo, na baada ya miezi jicho lako litaanza kuona anachokiona.

Hatua ya 5: Ncha za meno

Jino lazima lifungue njia pana kuliko bledi, vinginevyo chuma kitasugua mbao na kuungua. Kwenye bledi nyembamba za mashine ndogo, meno hupindwa moja kushoto, moja kulia. Kwenye bledi pana, ncha ya kila jino huminywa mpaka ivimbe pande zote mbili, kisha pande zake husawazishwa. Nafasi ya karibu nusu milimita kila upande ni mwanzo mzuri: zidisha kidogo kwa miti laini yenye maji na nyuzi ndefu, punguza kwa miti migumu mikavu. Lililo kubwa ni kwamba pande zote mbili zilingane. Bledi yenye ncha pana upande mmoja itavutika huko huko siku nzima.

Kwa miti yenye mchanga mwilini, ile inayotia butu meno kabla ya gogo la pili kuisha, ncha za stellite zinasaidia sana. Ni aloi ya kobalti na kromu iliyogunduliwa na Mmarekani Elwood Haynes, aliyepata hataza yake mwaka 1907, na bado hakuna fundi wa magogo magumu anayeidharau.

Hatua ya 6: Kunoa bonde zima

Tumefika kwenye moyo wa kazi. Kunoa si kugusa ncha tu. Jiwe lipite uso wa jino, lishuke chini ya bonde na kupanda mgongo wa jino linalofuata, kwa mwendo mmoja. Kila unaponoa, ondoa ngozi nyembamba ya bonde zima, kiasi cha milimita 0.1 hivi, kwa sababu kwenye ngozi hiyo iliyochoka ndiko nyufa zisizoonekana huzaliwa. Ukinoa ncha peke yake, bledi itakuwa kali na wakati huohuo inakufa.

Chini ya bonde pawe duara laini. Pembe kali au mkwaruzo wa jiwe ni mahali ufa utakapoanzia, kwa hiyo chonga ukingo wa jiwe uwe wa duara na uuchonge tena kila unapoanza kupoteza umbo. Pembe ya jino kuelekea mbele iwe kati ya nyuzi 25 na 30 kwa miti laini, na ipungue kwa miti migumu.

Adui wa hapa ni moto. Ukisukuma jiwe kwa nguvu, bonde linageuka rangi ya samawati kwa nukta moja, kisha ubaridi wa bledi yenyewe unalipoza papo hapo. Chuma kilichopashwa na kupozwa hivyo kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Ukitaka kuhakikisha, chukua tupa ndogo uiguse chini ya bonde: kwenye chuma kizima tupa inang'ata, kwenye kilichoungua inateleza kama juu ya kioo. Bonde la namna hiyo lisirudi kazini. Noa tena kwa mapito mepesi mpaka tupa ing'ate. Mimi hufanya mapito matatu au manne mepesi, na la mwisho jiwe linagusa tu, karibu bila cheche. Kisha ondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki kwenye kingo za mabonde.

Hatua ya 7: Kurudisha na kukaza

Ivishe bledi taratibu, meno yakielekea chini upande wa kukatia. Mabonde yatokeze nje ya ukingo wa gurudumu kwa milimita tano hivi, ili meno yasikanyagwe na uso wa gurudumu. Kaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine, wala si zaidi. Kwenye mashine zinazokaza kwa uzito na wenzo, sukuma wenzo kwa mkono: unatakiwa kuelea, kushuka na kupanda bila kukwama. Ukikwama kwa kutu au unga, bledi ikipata joto na kurefuka gurudumu halitaifuata, na kikipita kitu chini ya bledi hakutakuwa na cha kulegea.

Zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kuwasha, ukirekebisha mwinamo wa gurudumu la juu mpaka bledi itulie mahali pake. Vishikizo vya mbele vinasukuma bledi kutoka kwenye mstari wake kwa milimita 6 hadi 10, na kile cha juu kishushwe karibu na gogo kadiri inavyowezekana. Nafasi ndefu isiyoshikwa ndiyo inayozaa mawimbi kwenye ubao. Funga milango yote, washa, acha izunguke tupu dakika chache, angalia tena.

Hatua ya 8: Wakati wa kazi

Maji yenye sabuni kidogo yadondokee bledi muda wote wa kukata. Kwa miti yenye utomvu mwingi, dizeli kidogo kwenye sufi ya gurudumu inasaidia.

Kasi ya gogo watu huikosea kwa kuogopa. Kwa mashine ya mfano wetu, meno yakiwa umbali wa milimita 50, meno 900 yanapita kila sekunde. Gogo likienda mita 45 kwa dakika, kila jino linachukua kipande cha milimita 0.8. Ukilipeleka mita 10 kwa dakika, kila jino linakwangua chini ya milimita 0.2. Kumbuka nafasi ya pembeni ni nusu milimita: unga mwembamba hivyo hautulii bondeni, unapenya kati ya bledi na mbao na kuipasha moto. Ukiona ubao umegandiwa na unga, bledi ikiwa kali, ongeza mwendo kidogo.

Usisubiri bledi ilalamike. Ibadilishe baada ya saa mbili hadi nne, mapema zaidi kwa magogo yenye matope, na usafishe magogo kabla hayajapanda kwenye toroli. Mawimbi kwenye ubao, bledi kupanda kila ikikuta fundo, mota kunguruma zaidi ya kawaida: simamisha. Dawa ya kwanza isiwe kukaza zaidi. Angalia ukali, kisha ulingano wa ncha, kisha vishikizo, kisha magurudumu, kwa mpangilio huo.

Beringi zipewe grisi kwa kipimo cha kitabu cha mashine, kwa sababu grisi ikizidi nayo inazipasha moto. Unga uondolewe chini ya mashine kila zamu. Ukikauka unashika moto kwa cheche ndogo. Masikio yazibwe siku zote.

Hatua ya 9: Jioni

Legeza mkazo kila mashine inapolala. Bledi iliyoachwa imekaza kwenye chuma cha moto hujikaza zaidi inapopoa, usiku kucha, bila kufanya kazi yoyote. Bledi iliyotoka ipanguse utomvu, ipake mafuta mepesi, uitundike au kuilaza bila kupindwa vibaya, na iachwe kupumzika siku nzima kabla ya kurudi. Uwe na bledi za kutosha za kupokezana.

Kila bledi igongwe namba yake karibu na kiungo, mbali na mabonde, na daftari liwe na tarehe, saa ilizokata, aina ya mti, na mahali nyufa zilipoonekana ukihesabu meno kutoka kwenye kiungo. Baada ya wiki chache fungua kurasa hizo. Nyufa zikiwa kwenye bledi moja tu, tatizo liko kwenye chuma chake au kiungo chake. Zikiwa kwenye bledi zote, rudi Hatua ya 2 na tochi mkononi, kisha nenda kwenye jiwe la kunolea.